Mwaka Tuliofungulia Kompyuta ya Baba Mwangi

Wiki tatu zilizopita tulimzika Baba Mwangi kwenye shamba lake, upande wa kwenda Moi's Bridge, na kamati ya mazishi ikafanya kosa la kunipa maikrofoni. Shule nzima inajua mimi si mtu wa kupewa maikrofoni. Lakini Mwangi, ambaye ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza na ndiye kifungua mimba wa marehemu, alisema lazima mmoja wa vijana waliokuwa wakishinda kwenye studio ya baba yake aseme neno, na kijana aliyeshinda pale kuliko wote, mpaka wateja wakadhani nimeandikwa kazi, ni mimi. Basi nikasimama mbele ya hema. Nikaona jeneza, nikaona suti za watu wa kanisa, nikaona kamera tatu ambazo zote zilikuwa zimeshikwa vibaya, na badala ya kusema kile kitu kimoja nilichokuwa nimekibeba kwa miaka miwili, nikasimulia vile tulivyopaka prosesa dawa ya meno. Watu walicheka. Mwangi alicheka mpaka akapangusa macho. Mchungaji naye alicheka, halafu akakumbuka yuko kazini. Niliporudi kuketi, mama mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Asante kijana, umetupunguzia huzuni." Wali ulipoletwa nikampitishia yeye sahani yangu.

Kwa hivyo naandika. Niko kidato cha nne, natakiwa nikae hapa nirudie kemia, na kweli daftari ni la kemia, ila nimelifungua kutoka nyuma. Mwalimu akilipata atakuta chumvi na asidi upande mmoja na dhambi zangu upande wa pili.

Ulikuwa mwaka wa kidato cha pili. Studio ya Baba Mwangi ilikuwa orofa ya kwanza ya jengo moja pale Kitale mjini, juu ya duka la mbolea, kwa hiyo ukiingia pua yako haikujua kama umekuja kupigwa picha au kupanda mahindi. Ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa ndege imetua kando ya maporomoko ya maji, jambo ambalo hakuna rubani amewahi kulijaribu akapona, na nusu ya Kitale imesimama pale ikapigwa picha, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya kiti cha plastiki. Kwenye kona, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma kama cha kufunika redio, ndipo kompyuta ilipokaa. Baba Mwangi aliinunua ikiwa tayari imetumika na mtu mwingine, akafunga ndani yake kile kidude cha kupeleka picha kwenye runinga, akaingia kazi ya video za harusi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa sweta moja ya kijani, na kabla ya kamera alikuwa na posho mill, mashine ya kusagia watu unga. Hata alipokuwa akikuambia uinue kidevu upigwe picha, alipaza sauti kama mtu anayeshindana na injini. Saa saba mama muuza chakula wa chini alituletea chapati na maharagwe kwenye sahani zilizofunikwa na sahani nyingine, nasi tukala juu ya meza ya kukatia picha, na Baba Mwangi alikuwa akigawanya chapati ya tatu vipande viwili sawa kabisa, kimoja cha Mwangi, kimoja changu, huku akisema, "Msiniletee kesi ya mkate wa Isaka na Ishmaeli hapa." Mpaka leo sijui hiyo kesi iko wapi kwenye Biblia. Nadhani aliitunga.

Mwezi wa nne mwaka huo Senge Nasimiyu, dada ya baba yangu, aliolewa kanisani huko kwao karibu na Kibabii, Bungoma. Ninasema aliolewa kanisani kwa sababu nyumbani alikuwa ameolewa miaka kumi na saba. Watoto wake wenyewe ndio walimshikia gauni. Mimi ndiye niliyemsifia Baba Mwangi kwake, kwa majigambo yangu ya kawaida, mpaka akaacha watu wa video wa Bungoma akamwita mtu wa Kitale. Kwa Baba Mwangi hiyo ilikuwa kubwa. Kazi yake yote ilikuwa Kitale na Moi's Bridge, na Bungoma watu wanafanya harusi kama wana hasira nazo. "Huko hawanijui hata kwa jina," alituambia. "Hii video ndiyo itabisha mlango. Wakiipenda, nimeingia. Wakikataa, basi, mtu habishi mara mbili."

Na katika harusi hiyo Kukhu alicheza. Kukhu ni nyanya yetu, mama ya Senge, mwanamke mwembamba aliyetembea na fimbo na ambaye daktari alikuwa amemkataza hata kuinama. Walipoanza kamabeka, ile ngoma yetu ya mabega, alimpa mtoto fimbo aishike, akavua viatu, akaingia katikati. Miguu haikusogea. Mabega tu. Mabega yalikuwa yakienda kama ya msichana anayetolewa mahari ya ng'ombe kumi na tatu na anajua anastahili ishirini. Baba Mwangi alipiga magoti kwenye vumbi na kamera yake akamfuata dakika nne nzima. Baada ya hapo kila nilipoenda Bungoma Kukhu aliniuliza, "Simiyu, yule Mkikuyu ataniletea mimi wa kwenye video lini?" Video za harusi siku zile zilikaa kama mimba, miezi haipungui. Mwezi wa sita Kukhu akalala akakosa kuamka. Kitu kimoja tu Senge aliniambia jikoni, akiwa anachambua mboga ya murere bila kuiangalia: "Sasa hiyo video si ya harusi tena. Mwambie huyo mzee wako mimi nataka kumwona mama."

Siku ikawekwa. Kwetu video ya harusi haiangaliwi na bibi na bwana peke yao kama watu wenye siri. Kuna siku yake. Majirani wote waliokuja harusini wanaitwa, kuku wanachinjwa, watu wanajaa sebuleni kujitafuta kwenye runinga, na asiyejiona anaondoka amekasirika kabisa. Senge akasema Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti. Sasa ndipo stima ikaanza vituko.

Ukishapanga vipande vyote vya video, kompyuta inatakiwa kuvishona viwe kitu kimoja, na hapo unaiacha inahesabu, wewe huna kazi. Ya Baba Mwangi ilihesabu masaa matano kamili. Tulifungua studio saa mbili asubuhi. Na mwezi ule Kitale stima ilikuwa ikienda kila siku saa sita na nusu bila kukosea, ungeweza kuitumia kurekebisha saa ya mkono, na inarudi jioni watu wakifunga, ambapo mwenye jengo alizima swichi kubwa akabeba ufunguo nyumbani. Fanya hesabu. Masaa manne na nusu ya stima, kazi ya masaa matano. Kila siku kompyuta ilifika asilimia tisini, tunaiangalia kama watu wanaongoja mtoto azaliwe, halafu tap! Giza. Kesho yake inaanza sufuri. Kulikuwa na betri ya akiba, lakini ilishikilia dakika tatu, ya kutosha kusema kwaheri.

Mwangi ndiye aliyeleta dawa. Alikuwa kijana wa kusoma kitu mpaka maelezo yaliyoandikwa chini ya kopo, na huko saiba, kwenye intaneti ya kulipia, alikuwa amepata mwongozo wa watu wanaoanza, jinsi ya kuongezea kompyuta mwendo zaidi ya ule iliotoka nao kiwandani. Akauweka uchapishwe. Ukurasa wa nne ukiwa nusu nje ya mashine, nusu ndani, stima ikaenda. Akaja mbio studio na kurasa tatu na nusu. Sisi tukaona zinatosha. Mambo mazuri yote yalikuwa mwanzoni.

Nakumbuka vile alivyomweleza baba yake, karatasi mkononi, kofia ya shule nyuma. "Baba, iko hivi. Prosesa ndiyo inafanya hesabu. Lakini haijipangii mwendo. Madabodi, ule ubao mkubwa wa kijani ulio ndani, ndio unaipigia ngoma. Ngoma inapigwa mia moja, prosesa inazidisha mara kumi na nane. Hiyo kumi na nane imefungwa, haigusiki. Lakini ngoma inagusika. Ukiipiga mia na kumi, kila kitu kinaenda mbio."

"Nani anaipiga?"

"Wewe. Unawasha, unabonyeza Delete haraka kabla haijaamka vizuri, inakuja skrini ya buluu. Hapo unabadilisha nambari."

Baba Mwangi akachukua karatasi, akaigeuzageuza. Mimi nilijua tutafukuzwa. Kumbe mtu alikuwa anakumbuka posho mill. "Atiriri," akasema kwa Kikuyu chake, "hiyo najua. Ni kufungulia injini mafuta. Inakimbia sana. Lakini inachemka, na ikichemka inasaga vibaya kabla haijafa. Unga unatoka na makapi. Mtu wa posho mill haangalii injini, anaangalia unga." Sikuelewa chochote. Nilifikiri ni wazee tu na mifano yao.

Tangu siku hiyo neno letu likawa kufungulia, na wiki iliyofuata, nikisema ukweli, ilikuwa wiki tamu kuliko zote nilizowahi kuishi. Tulivua kifuniko cha pembeni cha kompyuta, tukatoa vumbi ambalo lingetosha kupanda sukuma wiki. Mwongozo ulisema kati ya prosesa na lile bamba la chuma lenye feni panapakwa dawa maalumu ya kupitisha joto. Tukazunguka Kitale yote. Hakuna. Fundi mmoja wa redio akatuambia wengine hutumia dawa ya meno. Nikakimbia kwa mjomba nilikokuwa nikiishi, nikachukua yake, na Mwangi akaipaka kidogo sana kama anayepaka mkate siagi ya kuazima.

"Sasa itakuwa inapumua vizuri," nikamwambia.

"Nyamaza, Simiyu, mkono utanitetemeka."

"Ikioza jino tutajua."

"Baba, mtoe huyu!"

"Mwache," Baba Mwangi akasema kutoka nyuma ya pazia la ndege, ambako alikuwa akimpiga picha ya pasipoti mzee mmoja wa Cheptais. "Daktari wa meno lazima awe na msaidizi mjinga."

Tulipanda mbili mbili. Mia na mbili, unaiwasha, unaipa kazi saa nzima. Mia na nne. Mia na sita. Baba Mwangi hakuamini vipimo vya kwenye skrini, aliweka kiganja kwenye bamba la chuma akafumba macho kama anayeombea mgonjwa. Mia na kumi na nne mashine ikakataa kuamka, ikatoa mlio wa mbuzi, na Mwangi akageuka rangi. Lakini ukurasa wa tatu ulikuwa na dawa: kwenye madabodi kuna betri ndogo kama ya saa, ukiitoa kwa dakika kumi ubao unasahau ulichouambia, unarudi ulivyozaliwa. Tukaitoa. Tukaketi kimya tunahesabu. Ikaamka. Tulirukaruka mpaka mtu wa mbolea akagonga dari yake kwa ufagio. Ndipo Baba Mwangi akatoa amri: mia na kumi na mbili, basi. Akachukua kalamu nene, akaandika 112 kwenye kipande cha karatasi, akakibandika mbele ya kompyuta, na chini yake akaongeza, USIGUSE. Alhamisi asubuhi saa mbili tukaanza. Saa sita na dakika ishirini na nane mstari ukajaa, video ikawa kitu kimoja, na dakika mbili baadaye stima ikaenda. Tulikaa gizani tukicheka kama wezi. Baba Mwangi alitoa sweta, mara ya kwanza kumwona bila sweta, akaipunga juu. Nikisikia mtu akisema amefurahi sana maishani mwake mimi huwa ninamlinganisha na ile dakika, na wengi hawafiki.

Kile chombo cha kuchoma CD kilikuwa kimekufa tangu Pasaka, kwa hiyo mpango ulikuwa kuibeba kompyuta yenyewe mpaka Bungoma na kuiunganisha na runinga ya Senge. Ijumaa asubuhi, baridi ya Kitale ya Agosti ikiwa imekaa mjini kama mgeni asiyeaga, Baba Mwangi na Mwangi walitoka kutafuta pikapu. Nikabaki peke yangu. Ningeweza kusema shetani alinijia lakini shetani ana kazi nyingi. Ni kwamba darasani kulikuwa na kijana aliyesema kompyuta kama ile haiwezi kupita gigahazi mbili nukta moja, na mia na kumi na mbili mara kumi na nane ni elfu mbili na kumi na sita, yaani gigahazi mbili na vijisenti tu. Nilitaka nione nambari. Nikabonyeza Delete. Mia na kumi na tano, ikakataa. Nikaiongezea umeme kidogo, mwongozo ulikuwa umeligusa hilo juu juu pale mahali karatasi ilipokatika. Mia na kumi na saba, ikaamka. Mia na ishirini. Ikaamka! Mbili nukta moja sita, imeandikwa hapo mbele yangu, baridi inaingia dirishani, feni inaimba. Nilicheza ngoma peke yangu mbele ya ile ndege ya maporomoko. Nikawa nakwenda kuirudisha chini, wallahi nilikuwa nakwenda, nikasikia pikapu inapiga honi. Mwangi akaingia na blanketi, baba yake akanyoosha mkono akaizima. "Twende, twende, huyu mtu wa kabeji mwenye pikapu ana haraka." Ile karatasi ya 112 ikafunikwa na blanketi, na mimi nikashika upande wangu wa mzigo nikashuka ngazi. Ilikuwa rahisi kusema, "Ngoja kidogo, nimebadilisha." Maneno matatu. Lakini yangefuatwa na mengine, na mimi siku hizo nilipenda maneno yanayofuatwa na kicheko.

Bungoma ina joto. Mtu wa Kitale husahau. Unashuka tu kutoka ile baridi yetu, ukifika mjini unavua koti, ukifika kwa Senge unatamani kuvua ngozi. Sebule yake ilikuwa ya mabati bila dari, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kalenda za miaka mitatu tofauti, na Jumamosi hiyo saa nane mchana kulikuwa na watu arobaini na kuku wawili walionusurika. Kompyuta iliwekwa kona, juu ya stuli, katikati ya watoto. Senge alikuwa amevaa kitenge kipya, akakaa mbele kabisa, mikono magotini. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama anakuja dakika ya ngapi?" Nikamwambia ya arobaini. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa gari litafika saa ngapi.

Ilianza vizuri sana. Watu walilia kwa furaha wakijiona. "Ona Wekesa anakula! Wekesa, hiyo ni sahani ya ngapi?" "Hiyo ni ya kwanza, nyinyi ndio mnaangalia vibaya." Mama Naliaka, jirani wa Senge, mwanamke wa kifua kipana aliyekuwa ametoa ndama kama zawadi, alikuwa anamsubiri ndama kuliko vile alivyosubiri mwisho wa dunia. "Ndama wangu yuko wapi? Huyu mtu wa Kitale amekata ndama wangu!" "Ngoja, mama, anakuja," Baba Mwangi akamwambia, na ndama akatokea, mkubwa, anatazama kamera, na Mama Naliaka akapiga vigelegele akageuka akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye atashika kamera kwa binti yangu! Huyu!" Nilimwona Baba Mwangi akiangalia chini, anajaribu kutotabasamu. Jasho lilikuwa linatoka kwenye sweta yake. Nilisogea karibu na kompyuta. Feni ilikuwa inapiga kelele. Nikanusa mnanaa wa dawa ya meno.

Dakika ya thelathini na moja picha ikasimama. Bwana harusi, mdomo wazi, uma hewani. Watu wakacheka. Baba Mwangi akaizima akaiwasha. Ikaanza, ikasimama tena mapema zaidi. Mara ya tatu ikawaka vizuri, ikafika pale pa kufungua video, na ikasema hakuna kitu kama hicho. Faili ilikuwa pale kwa jina, ndani hewa tupu. Mwangi akapiga magoti akajaribu hiki na kile, shati limegandamana mgongoni. Vile vipande vya mwanzo navyo vilikuwa vimeharibika. "Kanda," Senge akasema. "Si kuna kanda?" Lakini watu wa kazi ile hawakuwa na kanda za kuchezea. Ukishaingiza picha kwenye kompyuta unarekodi harusi nyingine juu yake. Ya Senge ilikuwa tayari na harusi ya Moi's Bridge. Baba Mwangi alisimama mbele ya watu, akatoa kofia, akasema kwa ile sauti yake ya posho mill, "Ni kosa langu. Mashine ni yangu, mimi ndiye niliifungulia kupita kiasi. Nisameheni, mama. Nisameheni nyote."

Aliamini hivyo. Aliamini ni mia na kumi na mbili ndiyo iliyofanya hayo. Na Mwangi, aliyeleta zile karatasi, aliamini ni yeye.

Halafu mtu mmoja, sijui nani, akasema, "Simiyu, si wewe unajua kuiga watu? Hebu tuchezee Kukhu." Nami, badala ya kufungua mdomo, nikavua viatu. Nilimpa mtoto fimbo ya kujifanya. Nikasimama katikati nikachezesha mabega, miguu haisogei, kichwa upande kama yeye, na nilimweza, Mungu ananiona, nilimweza kabisa. Wakaanza kuimba. Senge alicheka, halafu akalia, halafu akanishika akanikumbatia mbele ya wote, na watu wakapiga makofi, wakasema kijana ameokoa siku. Juu ya bega la Senge nilimwona Baba Mwangi kwenye kona amechuchumaa, anakunja waya.

Tulirudi Kitale jioni hiyo na mtu wa kabeji, bila kabeji. Jumapili baada ya kanisa niliwakuta studio. Baba Mwangi alikuwa ameiwasha kompyuta, ameingia kwenye skrini ya buluu. Mia na ishirini. Ilikuwa imeandikwa hapo. Mwangi alikuwa dirishani amegeuza mgongo. Baba Mwangi aliitazama nambari, akaitazama karatasi yake, akanitazama mimi. Kisha akaanza kubonyeza, polepole, tik, tik, tik, ishirini zote, mpaka mia moja. Akatoa ile karatasi ya 112 akaikunja akaitia mfukoni. "Kuna chai kwa chupa," akaniambia. "Mimina tatu." Nikamimina. Alikunywa yake hakusema kitu, siku hiyo wala nyingine yoyote, na kila saa saba aliendelea kukata chapati ya tatu vipande viwili sawa.

Mama Naliaka alitafuta mtu mwingine wa kamera. Habari ilienda Bungoma yote, kwamba kuna mtu wa Kitale alipoteza nyanya ya watu. Hakuna aliyempigia simu tena kutoka upande ule. Mwangi aliacha kabisa kugusa ndani ya kompyuta. Siku hizi anashika kamera tu, kazi ya kushona video anampelekea mtu mwingine, na ukimuuliza anasema, "Hizo vitu mimi niliharibia watu." Mwaka huu ndio niliosoma kurasa zilizobaki, saiba, kwenye skrini. Ukurasa wa tano umeeleza wazi: kwenye madabodi za zamani ukipiga ngoma haraka, si prosesa peke yake inayokimbia. Hata njia ya kwenda kwenye diski inakimbia, na ikizidi, diski inaandika takataka huku kila kitu kikionekana sawa. Ukiongeza joto, ndiyo kabisa. Unga na makapi. Mzee wa posho mill alikuwa amejua bila kuusoma.

Jumanne baada ya mazishi nilienda Bungoma. Senge alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mahindi. "Mulembe, Senge." "Mulembe, Simi. Umekuja kula?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, mia na kumi na mbili, mia na ishirini, blanketi, chai. Nilikuwa nimetayarisha na mzaha mmoja wa kuweka katikati, ukakataa kutoka. Aliendelea kutawanya mahindi kwa mguu mpaka nilipomaliza.

"Na huyo mzee alijua?"

"Alijua kesho yake."

"Hakuniambia."

"Hakumwambia mtu."

Nilitamani anipige. "Na wewe," akasema, "ukangoja afe."

Akaingia ndani. Nilidhani ameenda kulia, au kutafuta kiboko. Akatoka amevaa viatu vya kanisani na leso kichwani. "Twende."

"Wapi, Senge?"

"Kwani siku hiyo ndani ya nyumba tulikuwa mimi na wewe? Walikuwa watu arobaini. Walisikia akisema ni yeye. Sasa watakusikia wewe."

Alinipitisha nyumba kwa nyumba. Katika kila moja aliketi, akakataa chai, akasema, "Huyu ana neno," akaninyamazia. Kwa Wekesa nilisema nikiangalia sakafu. Kwa katekista nilikatika katikati ikabidi nianze upya. Nyumba ya tatu walidhani ni mchezo wangu wa kawaida wakaanza kucheka mapema, na Senge akainua mkono tu, wakaacha. Ya nne ilikuwa kwa Mama Naliaka. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, na nilipomaliza akatema mate pembeni.

"Yule mzee," akasema. "Na vile nilimtukana sokoni. Nilimtukana, Nasimiyu, si ulinisikia?"

"Nilisikia. Nilikusaidia."

Kisha Mama Naliaka akaniuliza kama marehemu aliacha mtoto anayefanya ile kazi. Nikamwambia yuko, anaitwa Mwangi, anashika kamera vizuri kuliko mtu yeyote Kitale.

"Binti yangu mdogo anaolewa Desemba. Mwambie akuje. Na hiyo komputa ashone mwenyewe, asipelekee mtu, utamwambia? Mwenyewe. Mwambie kwanza ile kitu umeniambia mimi." Akaninyooshea kidole karibu anitoboe jicho. "Na wewe ukanyage hapa siku hiyo ukiwa umekunja mikono hivi. Hivi! Nisikuone karibu na waya."

Sikuwa nimemwambia Mwangi bado. Nilikuwa nimemwacha kwa mwisho, kwa sababu ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza. Nikataka kumweleza Senge kwamba kwa leo pengine panatosha, kwamba kuna gari la saa kumi la kwenda Kitale naweza kuliwahi, lakini alikuwa ameshavuka ua la Mama Naliaka, leso yake inaonekana juu ya mahindi, anaelekea nyumba ya tano.